Hilo Si Utani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine, maana ulinifundisha kwamba mtoto anayeanza maneno bila shikamoo ameanza na matusi. Nilipokwisha kuandika neno la kwanza hapo juu niliweka kalamu chini, nikaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, kisha nikarudi. Neno "Mama" lenyewe ndilo linalonisumbua. Nakuandikia nikuulize jambo ambalo wewe peke yako uliweza kulijua. Jibu ulishanipa zamani, tena mara nyingi, na shida yangu sasa ni jibu lile.

Ngoja nisirukeruke. Kesho baada ya adhuhuri wazee wa pande mbili wanakutana hapa uwanjani kwangu, Handeni, kwa ajili ya Zaina, mjukuu wako. Anayemwoa ni Salehe, mtoto wa binti yake Bibi Mwajuma wa Kwaluguru, yule mtani wetu. Posa ilikuja ukiwa hai, unakumbuka. Kesho wazee watauliza wanaloliuliza siku zote: mama wa binti ni wa ukoo gani? Kwetu sisi Wazigua mtoto hufuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo jibu natakiwa kulitoa mimi. Nikitaja ukoo wako, ndoa itapita bila kikwazo, kwa kuwa ukoo wako na ukoo wa Bibi Mwajuma ni watani, na watani wanaoana. Lakini tangu siku ya kuanua matanga yako sijui tena kama ukoo huo ni wangu.

Kabla sijakueleza kilichotokea, nataka ukumbuke ulivyonilea, maana ni wewe uliyenifanya niwe mtu wa kuhojihoji hivi.

Unakumbuka yule muuza asali wa sokoni Korogwe? Tulikuwa tumeshuka kutoka Kwashemshi na kibuyu kitupu. Kabla hujauliza chochote, mzee wa watu akaanza kuapa kwamba asali yake haijaona maji hata tone, na kama anasema uongo basi afe na mama yake afufuke amzike. Ukamtazama, ukageuka, ukanivuta mkono. Nikakuuliza mbona hatununui. Ukasema, "Sikumuuliza kitu. Anayejiapia kabla hajaulizwa ameshajibu swali la moyoni mwake." Ukaenda kwa jirani yake, muuza chumvi, ukamwuliza kama asali ya mwenzake ni nzuri. Akaisifu. Tulipokuwa tunarudi kununua, mimi nikasema, "Na huyu wa chumvi, nani amemshuhudia yeye?" Ulisimama katikati ya soko ukanitazama kama mtu aliyekanyagwa na mbuzi. "Utakuja kuniua kwa maswali," ukasema. Tukapanda mlima na kibuyu kitupu vilevile kama tulivyokuja nacho, na wiki nzima Baba alikuwa akiuliza asali iko wapi.

Na siku ile ya baraza, ulipokwenda kulalamika kwamba jiko letu limehesabiwa kuwa nyumba na kutozwa kodi ya kibanda? Mjerumani aliyekuwapo alikuwa mgeni, Kiswahili kilikuwa bado hakijamkaa, na mkalimani alikuwa kijana wa pwani mwenye kofia mpya. Ulieleza kwa kirefu, ukataja kuni, masizi, na kwamba hakuna mtu anayelala humo isipokuwa paka. Mkalimani akasema maneno mawili. Ukamwambia, "Mwanangu, mbona maneno yangu yamekuwa mafupi?" Akakujibu kwamba Kijerumani ni lugha fupi. Ndipo ukamwambia, "Basi muulize Bwana kama umemfikishia yote niliyosema." Kijana akamgeukia Mjerumani, akasema kitu, Mjerumani akatikisa kichwa, na kijana akakurudia kwa adabu zote: "Bwana anasema ndiyo, nimemfikishia yote."

Ulicheka kuanzia pale hadi darajani. Ulicheka hadi ukaketi chini kando ya njia ukijifuta macho, na mimi nikacheka kwa sababu wewe unacheka. Kodi ya jiko tulilipa. Lakini kwa miaka mingi ikawa ndiyo mzaha wetu: mtu akijisifia kitu chake tulikuwa tunatazamana na kunong'ona, "Bwana anasema ndiyo."

Sasa angalia nilipo. Nilikuwa nikikuuliza juu ya kuzaliwa kwangu, kama watoto wote wanavyouliza, nawe ulikuwa unanieleza vizuri sana. Nilizaliwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, Kwashemshi, mwaka wa ile njaa kubwa kabla Wajerumani hawajajenga boma Handeni. Mvua ilikuwa inanyesha rasharasha. Mkunga alikuwa bibi mmoja wa Dindira ambaye alifariki kabla sijapata akili. Ila safari nyingine mvua hiyo ilikuwa ya masika, na safari nyingine ilikuwa ya vuli, na mara moja nadhani hapakuwa na mvua kabisa, kulikuwa na ukungu tu. Nilipokukamata katika hilo ulinikemea. "Wewe ulikuwepo?" ukasema. Nikasema nilikuwepo. Ukasema, "Ulikuwepo lakini hukujua kitu. Mimi nilikuwepo na nilijua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Unataka nani mwingine akuambie?" Nikakubali, kwa sababu ilikuwa kweli: hakukuwa na mwingine. Wala sikukumbuka kunong'ona kwamba Bwana anasema ndiyo.

Bibi Mwajuma nilimjua tangu napata fahamu. Wewe ulikuwa Mzigua uliyeolewa milimani kwa Washambaa, na watu wa kwenu huku chini hawakuwa na desturi ya kuja kukutembelea, ila yeye. Kila baada ya mavuno alifunga safari kutoka Kwaluguru, akavuka mto, akapanda mlima, akafika kwetu na miguu imejaa vumbi hadi magotini, na kabla hajakalishwa alikuwa ameshaanza. Alimkamata kuku amtakaye bila kuomba. Alimwambia Baba kwamba amenyauka kama jani la mgomba na yeye ameleta sanda. Mimi aliniita "mtumwa wangu", na tukikaa kula alikuwa ananyofoa nyama kutoka bakulini mwangu akaitia kinywani mwake, huku nikilia. Nawe ulikuwa unasema, "Usilie, huyo ni mtani. Mtani hakasirikiwi." Nami nikajifunza kumrudishia. Nilipokuwa mkubwa nilimfichia kiatu, nikamwambia ana meno ya ngiri, nikamwomba afe upesi nirithi kaniki yake. Alikuwa akifurahi sana nikimtukana. Sikuwahi kujiuliza, Mama, na sasa najiuliza usiku na mchana: ni nani anayetembea mwendo ule wote, kila mwaka, kwa ajili ya kumtania mtu?

Baba alipofariki ukahamia kwangu, nami nilikuwa nimeolewa huku Handeni, Bibi Mwajuma akawa karibu na akaja mara nyingi zaidi. Hapo ndipo Salehe alipomwona Zaina. Watu walisema ni jambo jema, utani umezaa ukwe. Nilipokuletea habari ya posa ulikuwa kitandani tayari, homa imekukamata. Nikakuambia jina la kijana na jina la bibi yake. Ukageuka upande wa ukutani. Nilidhani umelala. Kisha ukasema, "Ngojeni kwanza nipone."

Hukupona.

Sasa lile la msibani. Unajua watani wanavyofanya, umewaona mara nyingi. Siku ya kuanua matanga Bibi Mwajuma aliingia uwanjani amejifunga kaniki yako, ameshika mkongojo wako, anachechemea mguu wako wa kushoto na kukohoa kikohozi chako. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuigiza sawasawa kweli. Akaomba tumbaku kama unavyoomba. Akamgombeza Zaina kwamba uji una mabonge. Halafu akaja mbele yangu nilipokuwa nimekaa, akaniinamia, na kwa sauti yako, Mama, sauti yako ileile ya mwishomwisho, akasema: "Wewe, usijiumize macho bure. Mimi sikukuzaa. Nilikupata kwa kikapu cha mahindi mwaka wa njaa, kwa huyu mtani wangu Mwajuma aliyekuja na mtoto mgongoni hana maziwa. Na mahindi yenyewe yalikuwa na fukusi."

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja alicheka hadi akamwagikiwa na kahawa. Bibi Mwajuma akanyoosha mgongo, akaacha kuchechemea, akainua kidole, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Hilo si utani."

Wakacheka zaidi.

Nami nilikuwa nacheka bado, kinywa kiko wazi, nikamtazama machoni, na macho yake hayakuwa yanacheka. Hapo kicheko kikaniishia.

Tangu siku hiyo sijatulia. Mtani akisema "si utani", amesema nini? Maneno hayo ndiyo kila mtani huyasema. Bila hayo utani haunogi. Siku aliyomwambia mume wangu kwamba ng'ombe wake wameonekana wakipanda garimoshi kwenda Tanga, alimaliza vilevile: hilo si utani. Kwa hiyo hana tena maneno ya kuniambia ukweli, hata akiutaka. Ameyatumia yote. Na kama alichosema ni kweli, basi Zaina na Salehe ni watoto wa dada wawili, yaani kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, yule aliyenifundisha herufi hizi, anasema kwa dini watoto wa namna hiyo wanaweza kuoana. Wazee wa ukoo wakisikia hivyo watachukua fimbo zao waende nyumbani. Na mimi, Mama, katika hili niko upande wa wazee. Mwili wangu unakataa.

Nimejaribu kuuliza. Mkunga wa Dindira amekufa. Nilipeleka ujumbe Kwashemshi kwa baba mdogo, akajibu kwamba mwaka ule alikuwa kwenye misafara ya pwani, na aliporudi alinikuta mgongoni kwako, akasema hongera, basi. Jirani yangu akanishauri niende kwa mpiga ramli mmoja anayesifika. Nikamwuliza, na hiyo ramli, ni nani anayehakikisha kwamba inasema kweli? Akafikiri kidogo, akasema, "Yeye huiuliza yenyewe kwanza, na haijawahi kukataa." Nikamtazama jirani yangu wa watu, nikakukumbuka wewe umeketi kando ya njia unajifuta machozi ya kicheko, na nikatamani sana ungekuwapo.

Wengine wanasema ninacheka kama wewe. Lakini kucheka nilijifunza kwako. Wengine wanasema nina mwanya kama wa Bibi Mwajuma. Mwanya ninao, lakini nusu ya Handeni ina mwanya.

Mwisho nikasema, kama maneno hayasaidii, nitatumia utani wenyewe. Nikafikiri hivi: mtani ukimtukana anafurahi na kukurudishia. Mzazi ukimtukana anaumia. Basi nitakwenda Kwaluguru, nimtukane tusi kubwa la kitani, nione litamwingia wapi. Niliona ni akili sana. Njiani nilikuwa natabasamu peke yangu kwa werevu wangu.

Nilimkuta ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Sikumpa shikamoo, makusudi. Nikasema, "Hujafa tu wewe? Nimebeba sanda toka Handeni bure, kwapa limeniuma."

Siku zote angesema, "Iache hapohapo, mtumwa wangu, tutaitumia kwako." Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Yeye akaacha kupukuchua. Akaweka mahindi chini.

"Karibu kaya, mwanangu," akasema. "Kaa. Umetembea jua."

Kila mwanamke mzee huku humwita kila mtu mwanangu. Hata yule kijana mkalimani ulimwita mwanangu. Lakini yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Nikakaa. Akachinja kuku mwenyewe, akakataa nimsaidie. Tulipokaa kula nikasubiri mkono wake uje bakulini mwangu. Nilipokuwa mtoto nililia kwa ajili ya mkono ule. Safari hii niliuombea dua uje. Haukuja. Alichukua paja, akaliweka kwangu, yeye akabaki anachovya ugali kwenye mchuzi mtupu na kunitazama ninavyokula. Akajifuta macho kwa pindo la kaniki yako, akasema, "Kuni hizi zina moshi." Nikazitazama kuni. Zilikuwa kavu, lakini moshi ulikuwepo kweli, hata macho yangu yaliwasha.

Nikamwambia, "Bibi, siku ile ya matanga ulisema neno."

"Nilisema mengi. Nilipewa jogoo kwa ajili yake."

"Lile la kikapu cha mahindi."

"Nilisema hilo si utani."

"Na uliposema si utani, huo ulikuwa utani au siyo?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Sasa unataka nikujibu nini? Nikisema sikutania, utasema ninatania. Nikisema nilitania, utasema ninakuficha. Uliza mwingine."

"Mwingine ni nani?"

"Si mmemzika."

"Kwa nini hukusema mapema, kabla ya posa?"

"Nani angenisikia? Mimi ni mtani. Nimekuambia tangu una meno ya utoto kwamba wewe ni mtumwa wangu, umewahi kuniuliza nilikununua wapi?"

Nilitaka kumkasirikia. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka, kisha nikakumbuka kwamba mtani hakasirikiwi, na nikashangaa: kama si mtani, basi naruhusiwa kukasirika, na kama naruhusiwa kukasirika basi ni mama yangu, na mama naye hakasirikiwi. Nikafunga mdomo. Nakuambia, Mama, kichwa changu kilikuwa kama uji ambao Zaina hupika.

Nilipoondoka alinisindikiza hadi kwenye njia panda, jambo ambalo hakulifanya maishani mwake. Desturi yake ilikuwa kunirushia gunzi mgongoni. Nikamwuliza, "Siku ya wazee utakuja?"

"Mtani hakosi penye wali."

"Kwa hiyo utakuja."

Akageukia njia ya kwake. "Sijui," akasema. "Sijui kama nitaweza kuja."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima na hadi leo. Katika maneno yote aliyoniambia tangu nizaliwe, hilo "sijui" ndilo pekee nililoliamini, labda kwa sababu hakuliapia. Lakini mara moja wazo likanijia: je, mtani hodari hawezi kufanya hata hayo? Kuacha nyama, kusindikiza, kujifuta macho, halafu siku ya arusi atokeze na mkongojo wako akiwacheka wote walioamini? Anaweza. Namjua, anaweza. Wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha, ila hawakusema utajuaje kidonda kipo.

Nilimweleza Zaina, maana jambo ni lake. Alikuwa anatwanga. Alisikiliza bila kuacha mchi, na nilipomaliza akauliza, "Mama, na mimi nani aliyekuambia kwamba ni mwanao?"

Nikamwambia, "Sikuambiwa na mtu. Nilikuzaa."

"Na mimi nikuamini kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwepo."

"Bibi marehemu naye alikuwepo," akasema.

Nilifungua mdomo niseme uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikajisikia ni wewe unayesema. Zaina akarudi kwenye kinu. Hakulia. Alitwanga tu, kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji, na anampenda yule kijana, Mama. Anampenda mpaka anaimba akichota maji. Leo hakuimba.

Nimekukasirikia. Niliandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena, sasa naiacha. Nimekukasirikia kwa kufa ukiwa umegeukia ukuta. Kama nilikuwa mwanao wa kuzaa, ilikuwa neno moja tu: "Waoane." Kama sikuwa, ilikuwa neno moja pia. Ulisema "Ngojeni kwanza nipone", na nimeligeuza neno hilo kila upande kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Labda ulikuwa na homa tu na hukutaka kusumbuliwa na habari za arusi. Mgonjwa husema hivyo. Labda ulikuwa umemwahidi Mwajuma, au Mwajuma alikuahidi wewe. Labda ulisubiri upone upate nguvu ya kuniambia, nawe kweli uliamini utapona.

Halafu hasira inaisha, nakukumbuka ulivyonibeba kupanda mlima nilipochomwa na mwiba, nami nilikuwa mkubwa wa kuweza kutembea. Nakukumbuka ulivyonitafunia muwa. Ulivyompelekea mwalimu mkungu wa ndizi anifundishe kusoma, wakati watu wanakucheka kwamba mtoto wa kike atamsomea nani. Na hapo nachanganyikiwa upya, kwa sababu mambo hayo yanaonyesha ulinipenda, na hilo sikuwahi kuliuliza. Ninalouliza ni lingine, na kila nikilitafutia ushahidi nakuta upendo tu, kila mahali, na hausemi chochote juu ya migomba na mvua.

Basi, kesho. Nimeamua, ingawa bado sijui. Wazee watakapoketi na kuniuliza mimi ni wa ukoo gani, watataka neno langu tu. Hawatauliza mashahidi. Watasema, mtu anaujua ukoo wake mwenyewe. Nikitaja ukoo wako wataamini kwa sababu nimesema mimi, na mimi nitakuwa nimesema kwa sababu ulisema wewe, nawe ulisema kwa sababu ulikuwepo. Nitakuwa yule kijana wa kofia, namgeukia Bwana na kurudi na ndiyo. Siwezi. Nitawaambia, "Sijui." Nitasema hivyo mbele ya watu wote waliokula msiba wako, na arusi itavunjika hapohapo, kwa sababu hakuna mzee atakayefunga ndoa ya binti ambaye mama yake hajui alikotoka.

Nikiwa nimekosea, nimemnyima mjukuu wako mume kwa ajili ya mzaha wa matangani. Nikiwa nimepatia, nimekunyima wewe mtoto. Kwa vyovyote nitakuwa nimekuaibisha, na nimelia kwa hilo leo asubuhi nikiwa nachambua mchele ambao hautaliwa kwa furaha.

Nimeandika kwa uwazi, ajuaye kusoma na asome. Zaina atasoma kwanza. Kisha nitaiweka barua hii chini ya jiwe lililo kichwani pako, upande ule uliozoea kugeukia. Ukiwa na jibu, safari hii usiape. Lala salama, Mama. Kaniki yako anayo Bibi Mwajuma, na nimekataa kuidai, kwa sababu mtani ana haki ya kuichukua, na kama si mtani, ana haki kubwa zaidi.

Nimefika mahali pa kutia jina la undugu wetu, na nimekaa hapa muda mrefu kuliko nilivyokaa juu ya neno la kwanza. Nitaandika lile tu ninaloweza kulishuhudia mwenyewe, kwa masikio yangu.

Ni mimi,
uliyekuwa ukiniita mwanao.